Nimeambiwa uso wangu ni sanamu

Barua hii imetoka kwa msomaji wa Malindi. Jina lake tumelihifadhi.

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeifuta. Leo niko saluni peke yangu, mteja wa mwisho ameshaondoka na mvua imenizuia kurudi nyumbani, basi acha niimalize.

Nina miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Tunaishi upande wa Muyeye. Mume wangu anaendesha tuktuk, mimi nasuka nywele. Kanisani kwetu ndimi ninayeongoza sifa, mwaka wa 9 sasa. Sikusoma sana wala sina mali, lakini kuimba nimejaliwa. Nikishika maiki, hata wazee waliokaa nyuma karibu na mlango husimama.

Mimi ni mweusi, Mama. Si maji ya kunde, mweusi hasa. Kwetu Ganda tulizaliwa wasichana wanne na ni mimi peke yangu niliyetoka hivi. Shuleni jina langu lilikuwa Masizi. Mwalimu mmoja, mawingu yakitanda na darasa likaingia giza, alizoea kuniambia, "Wewe, cheka tukuone." Darasa lote linaangua kicheko, na mimi nacheka nao. Hadi leo stima ikipotea usiku, mimi hufunga mdomo.

Mwaka juzi kijana mmoja wa kanisani alinirekodi ufuoni, karibu na Nguzo ya Vasco da Gama, nikiimba wimbo mmoja wa tenzi. Akaiweka TikTok. Kwa siku tatu ilitazamwa na watu 40,000. Sikulala. Nilisoma maoni yote, na mengi yalikuwa ya baraka, watu wanasema wamelia, wengine wanaomba namba ya kanisa. Katikati yake mtu aliandika: "Sauti ya malaika, sura ya makaa." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka. Mama, yale mengine yote yamenitoka. Hilo moja naweza kukusomea kama mstari wa Biblia.

Baada ya hapo sikukubali tena kurekodiwa bila filta. Uso unalainika, unakuwa mweupe kidogo, pua inanyooka. Wafuasi wakaongezeka. Lakini nikaanza kuona haya kukutana na watu walionijua kwa simu, kwa sababu najua wanachotarajia kuona sicho kitakachokuja. Ndipo nikaanza krimu. Kuna dada sokoni hunichanganyia kwenye kopo lisilo na jina, shilingi 800. Nimepaka mwaka mmoja na miezi minne. Uso umeng'aa kweli, ila vifundo vya vidole vimekataa, vimebaki vyeusi kuliko zamani. Na nikitoka juani saa 6, mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili.

Kuna mengine sijamwambia mtu. Huwa naamka saa 11 alfajiri niombe. Simu iko chini ya mto. Najiambia naangalia saa tu. Nikija kushtuka ni saa 12 na nusu, watoto wanataka chai, na sijasema hata "Baba yetu". Halafu Jumapili, nikiwa madhabahuni nimefumba macho na watu wanalia, mimi najua simu ya yule kijana iko upande gani. Nageuza shavu la kushoto, maana ndilo zuri.

Mwezi uliopita mchungaji alihubiri juu ya sanamu za kisasa. Hakunitaja. Baada ya ibada mama mchungaji aliniita nyuma ya kanisa akaniambia, "Dada, huo uso umekuwa sanamu yako. Mungu hagawani utukufu na mtu." Alisema nikae chini miezi mitatu bila kuimba, nifute akaunti, niondoe vioo vyote nyumbani, na nifunge siku 7 kavu, bila chakula wala maji, ili huo mzizi ukauke. Sikumjibu. Wiki hiyohiyo mama mmoja mfanyabiashara wa Mombasa alinipigia. Anataka nitangaze krimu zake, atanipa shilingi 20,000 kila mwezi. Tuktuk yetu ni ya mkopo na karo ya mkubwa haijaisha. Mume wangu anasema nikubali kazi ya watu. Juu ya rangi yangu hajawahi kugombana nami. Husema tu, "Mimi nilioa yule wa kwanza," halafu anatoka kwenda kazini.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Jumanne nilirudi nikamkuta binti yangu wa miaka 7 amesimama juu ya ndoo mbele ya kioo changu. Amejipaka unga wa ngano uso mzima, hadi kope zimekuwa nyeupe, na mkononi ameshika mwiko kama maiki. Aliponiona hakuogopa. Aligeuza shavu la kushoto akasema, "Mama, nirekodi."

Nilimnawisha. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Sikumwambia neno, nikaenda kuinjika chai.

Sasa nakuuliza. Je, mimi ni mwabudu sanamu? Niache kuimba? Nifute kila kitu? Na je, mtu anaweza kujiabudu hali hajipendi? Kwa sababu mimi sijipendi, Mama. Hapo ndipo akili inaponigomea.

Mwimbaji, Malindi

Mama Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale binti yako alipogeuza shavu, niliiweka barua chini, nikatoka nje kidogo ndipo nikarudi kuimalizia. Ahsante kwa kuniamini na jambo ambalo hujamwambia mtu.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja, na kila anayekushauri anavuta ncha yake. Mama mchungaji anaona uso uliochukua nafasi ya Mungu. Mumeo anaona mkopo wa tuktuk. Wewe unaona msichana wa Ganda ambaye hakutakiwa, na sasa umemwona tena juu ya ndoo, amejipaka unga. Kuimba, krimu na simu vimeshikana kiasi kwamba unaona ukikata kimoja vyote vitaanguka. Tuvifungue polepole.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo lililoandika barua nzima.

Sisi tuliokulia Kilifi hii, tukisikia sanamu, wengi wetu macho hukimbilia kigango. Ule mti wa kuchongwa, wenye pembetatu zilizopangwa kifuani, uliosimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima wa Kigiriama, aliyefariki. Makanisani tuliambiwa ile ndiyo sanamu yenyewe, ingawa wazee wa Kigiriama watakwambia ni heshima kwa marehemu wao. Vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii, na vingine vilipatikana kwenye majumba ya makumbusho kule Marekani. Nalitaja hili kwa sababu moja: tulijifunza kuitafuta sanamu nje, kwenye mti na kwenye boma la jirani. Nabii Ezekieli, sura ya 14, alijiwa na wazee wa Israeli waliokuja kwa adabu kuketi mbele yake, na Mungu akamwambia watu hawa wametwaa vinyago vyao na kuvitia mioyoni. Huko ndani si mama mchungaji wala mimi tunaoweza kuchungulia. Kwa hiyo kama wewe ni mwabudu sanamu au siye, sitakujibu. Samweli, nabii mzima, alitumwa nyumbani kwa Yese akadanganywa na sura na kimo cha kijana wa kwanza tu aliyemwona.

Lakini naweza kukuuliza swali. Kile kitu unachokiamkia saa 11, kinachokula zile shilingi 800, ambacho kwacho umeiacha ngozi yako iungue mwaka mmoja na miezi minne, je, ni uso wako kweli? Mimi nasoma barua yako nasikia sauti nyingine. Namsikia mwalimu: "Cheka tukuone." Na yule aliyeandika juu ya makaa, nahisi amerudia tu la mwalimu. Mwanangu, huenda ambacho umekuwa ukikitii miaka yote hii ni tusi. Ulipewa ukiwa mtoto, hukuwa na nguvu ya kulikataa, likakaa pale panapokaa neno la Mungu, na kila asubuhi linakudai. Uliniuliza kama mtu anaweza kujiabudu hali hajipendi. Anayejisifu mbele ya kioo na anayejichukia mbele ya kioo, wote wawili wameshindwa kuondoka hapo mbele ya kioo. Lifikirie hilo bila haraka. Kama si kweli, litupe.

Na kama lina ukweli, basi angalia dawa uliyopewa. Ukiambiwa ni kiburi, utajipiga. Utajichukia zaidi ya ulivyojichukia jana, na kujichukia ndiko kulikokufikisha kwenye lile kopo. Simsemi vibaya mama mchungaji. Ameona kitu, na kipo: wewe mwenyewe umeniambia habari ya shavu la kushoto. Nadhani amekupenda kuliko wanaokupigia makofi. Ila ameona nusu. Je, anajua habari za Masizi? Ulimwambia? Ulisimama kimya nyuma ya kanisa, naye akatoa dawa ya ugonjwa aliouona. Labda kabla ya kutii au kukataa, urudi kwake ukamsimulie kama ulivyonisimulia mimi. Inawezekana akasema yaleyale. Inawezekana pia akalia nawe.

Hapa pawili sitazungukazunguka, kwa sababu ni mambo ya mwili na mwili hausubiri.

La kwanza ni ule mfungo. Siku 7 bila maji, katika joto la Malindi, zinaua. Kufunga ni kwema, nami hufunga, lakini mfungo wa namna hii usiufanye, na anayekupenda katika Kristo hataudhika ukimwambia huwezi. Silinganishi kanisa lenu na lolote. Ila sisi wa pwani hii tuliona 2023, pale msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Walikuwemo watoto. Baada ya hapo, mtu wa Malindi akiambiwa aukaushe mwili ili roho ipone, ana haki ya kusimama akauliza maswali.

La pili ni lile kopo. Usinunue jingine, lakini hilo ulilo nalo usilitupe. Lichukue uende nalo kwa daktari wa ngozi. Krimu za kuchanganywa mara nyingi hutiwa zebaki, au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au dawa za steroidi. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi zimepigwa marufuku hapa Kenya, na si bure. Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na hushika kwenye taulo na shuka, hata watoto ambao hawajapaka wakaipata. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi yenye usamawati yasiyotoka, yaani kinyume kabisa cha ulichonunua. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na mtu akiiacha ghafla bila mwongozo uso unaweza kuvimba, kuwa mwekundu na kuchoma kuliko sasa. Ndiyo maana nakuambia daktari kwanza. Atakuonyesha namna ya kuacha. Mweleze habari ya mashavu, ya vidole, na ya watoto mnaotumia taulo moja. Usione haya. Wewe si wa kwanza kuingia mlango ule, na jua letu hili la karibu na ikweta halina huruma na ngozi iliyochubuka.

Sasa tuje kwenye kuimba, ambako sina jibu moja.

Kuna nyoka wa shaba. Unakumbuka Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe, watu walioumwa na nyoka wakimtazama wanapona. Ukisoma 2 Wafalme 18, mamia ya miaka baadaye, mfalme Hezekia anamkuta nyoka yuleyule anafukiziwa uvumba, akamvunja vipande vipande. Kitu alichokitoa Mungu, kilichoponya watu kweli, kiligeuka. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kwa kuwa sauti ni kipawa basi haina hatari. Miezi mitatu ya kukaa kwenye benchi inaweza kuwa pumziko ambalo hujalipata miaka 9. Ungeimba kwa sauti ndogo tu kama mama yeyote, bila kujua simu iko upande gani.

Lakini ipo Kutoka 38, mstari wa 8, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Birika la shaba la hemani, lile ambalo makuhani walinawia kabla ya kuhudumu, lilifanywa kwa vioo vya wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Vioo vya zamani vilikuwa shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Wanawake wale walivitoa. Havikuzikwa wala havikulaaniwa. Viliyeyushwa vikawa chombo cha maji, na makuhani wakaoshea mikono na miguu mlemle wanawake walimokuwa wakijitazama. Mimi kila nikisoma hapo najiuliza ni mwanamke gani aliyetoa cha kwanza, na kama alijitazama mara ya mwisho kabla hajakitoa.

Kipi kwako ni nyoka wa kuvunjwa, na kipi ni kioo cha kuyeyushwa? Wewe uliye ndani ndiye utakayeona.

Ukikaa chini, ujue hatari zake. Watu watanong'ona. Ikiwa kuimba ndiko mahali pekee ambapo Masizi alisahaulika, kunyang'anywa hapo kunaweza kumrudisha darasani. Na siku ya kurudi madhabahuni unaweza kurudi na hamu kubwa kuliko uliyoondoka nayo. Ukiendelea kuimba kana kwamba hakuna kitu, hatari unaijua tayari, uliiandika mwenyewe. Katikati kuna njia ambazo hukuzitaja. Unaweza kumwomba yule kijana asirekodi ibada, basi, bila maelezo marefu. Unaweza kuongoza Jumapili moja na kukaa moja. Unaweza kuwafundisha wasichana wadogo kuimba, usimame nyuma yao.

Akaunti nayo hivyohivyo. Kuifuta ni rahisi, ni kubonyeza tu, na kufungua nyingine ni rahisi vilevile. Kabla ya hapo, jaribu jambo dogo: simu ilale jikoni. Nunua saa ya kengele ya sokoni ikuamshe. Ukiona huwezi siku tano, utakuwa umejifunza kitu ambacho mahubiri hayakukufundisha. Jingine, gumu zaidi, ni kurekodi wimbo mmoja bila filta, kijana auweke, na maoni asome yeye, si wewe. Sikufichi: yule wa makaa atatokea tena, au ndugu yake. Huenda hujawa tayari, na kutokuwa tayari si dhambi.

Shilingi 20,000 ni pesa. Mtu asikudharau kwa kuzifikiria. Mkopo wa tuktuk haulipwi kwa mistari ya Biblia. Ila muulize yule mama ndani ya krimu zake mna nini, na umwombe akuonyeshe muhuri wa ubora wa bidhaa zake. Akikwepa, umejibiwa. Kisha fikiria ni nani atakayekutazama. Wateja wa Mombasa, sawa. Lakini yuko pia msichana huko Ganda, leo hii, mwenye jina kama lako la zamani. Wewe ni msusi. Mikono yako inajua kazi ambayo watu hulipia na haimchubui mtu. Mwulize mama huyo, au mwingine, kama wana mafuta ya nywele ya kutangazwa. Inaweza kuwa pesa ndogo kuliko hizo. Kaa na mumeo mpige hesabu pamoja, muone mnaweza kuikosa tofauti hiyo au la.

Na huyo mumeo. "Mimi nilioa yule wa kwanza." Umelisikia kama lawama? Mimi nimelisikia kama mtu anayebisha hodi mlangoni, akikosa jibu anaenda kazini. Siku moja mzuie asitoke. Mwulize, huyo wa kwanza alikuwaje?

Nilipokuwa msichana sisi hatukuwa na filta. Tulikuwa na kichana cha moto, kinachowekwa juu ya jiko la makaa, na poda ya kopo tuliyoipaka hadi shingo ikatofautiana na uso. Nina alama nyuma ya sikio la kulia nilipoungua nikienda ubatizo wa ndugu yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Mama yangu alishika kichana kwa upendo kabisa, akinifanyia alivyofanyiwa. Nakueleza hili usije ukadhani wewe ndiye mama wa kwanza aliyemwachia binti kitu asichokusudia.

Kuna mstari nimekuwekea. Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, msichana anasema, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Wanaojua Kiebrania husema lile neno dogo la katikati laweza kusomwa "lakini", na laweza kusomwa "na". Mweusi na mzuri. Anaendelea kuwaambia wanaomkodolea macho kwamba jua ndilo lililomchoma, kwa sababu ndugu zake walimkasirikia wakamweka kulinda mashamba ya mizabibu. Hata yeye alikuwa na watu wake waliomfanyia hivyo, na alilisema kwa mdomo wake, katika wimbo.

Nimalizie na binti yako, maana yeye bado anangoja. Ulimnawisha ukanyamaza. Hukukosea, ulikuwa umeshtuka. Lakini mtoto wa miaka 7 akinawishwa uso na mikono inayotetemeka, bila neno, atajitafutia maana mwenyewe. Mketishe siku moja mbele ya kioo hichohicho, mpake mafuta ya nazi, ujipake na wewe, umsimulie kwamba zamani mama aliitwa jina baya shuleni. Usimhubirie. Acha aulize.

Kisha uniandikie tena. Maneno ya yule mtu usiyemjua uliyaweka yote, na kicheko chake. Wimbo uliouimba siku ile ufuoni, uliowaliza watu wakaomba namba ya kanisa, uliusema tu "wimbo mmoja wa tenzi". Ningependa kujua ulikuwa upi.

Mama Mshauri